Karatasi Kuukuu Isitupwe: Ufundi wa Waliotangulia Urudi Majumbani Mwetu

Karatasi huingia katika nyumba zetu bila kuhesabiwa na hutoka bila kuulizwa. Mwanafunzi humaliza daftari. Kasha la majani ya chai huisha. Mfuko wa saruji huachwa uani baada ya fundi kuondoka. Hata gazeti hili husomwa Ijumaa, na ikifika Jumatatu limekwisha kuwa kuukuu. Kisha vyote hivyo hutupwa jalalani, huwashiwa moto wa jikoni, au hupelekwa gengeni kufungia karanga na maandazi.

Sisi wakazi wa Igowole, wilayani Mufindi, tunapaswa kuwa watu wa mwisho kuidharau karatasi, kwa sababu tunaishi karibu na chimbuko lake. Misindano na mikaratusi ya Sao Hill tunaiona kwa macho. Malori ya magogo hupita katika barabara za wilaya yetu, na Mgololo kipo kiwanda kilichoanza kazi miaka ya 1980 kikiitwa Southern Paper Mills, ambacho leo kinajulikana kwa jina la Mufindi Paper Mills. Mtoto wa hapa anaweza kuoneshwa mti uliosimama, gogo lililo juu ya lori, na mfuko wa kaki ulio dukani, akafahamu kwamba vyote vitatu ni kitu kimoja katika hali tofauti.

Katika makala hii tunakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza namna familia inavyoweza kuitumia tena karatasi iliyokwisha kazi, ikapata vifaa vya nyumbani, vya madrasa, na hata vya kuuza. La pili ni kukumbusha adabu ambayo Muislamu hawezi kuiacha nyuma anapoigusa karatasi, kwani si kila karatasi ni takataka, na si kila karatasi inafaa kufanywa pambo.

UFUNDI ULIOPITA MIKONONI MWA WAISLAMU

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Neno karatasi limetokana na Kiarabu qirtas, neno linalopatikana katika Surat al-An'am, aya ya 7, na kwa wingi wake katika aya ya 91. Waraka, ukurasa, daftari, kalamu, jalada na msahafu ni maneno yaliyokuja kwa njia hiyo hiyo. Hata rimu, tunalolisikia katika maduka ya vifaa vya shule, lina safari ya ajabu: Waarabu walisema rizma, yaani mtumba au fungu, Wahispania wakalichukua, likafika kwa Waingereza, na mwishowe likaturudia sisi likiwa limevaa nguo nyingine.

Karatasi ilibuniwa na Wachina. Inasimuliwa kwamba Waislamu waliupata ufundi wake Samarkand, baada ya vita vya Talas vya mwaka 751. Kabla ya karne hiyo kwisha, karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad, katika zama za Khalifa Harun al-Rashid. Mji huo ukawa na soko la wauza karatasi, wanakili na wauza vitabu, Suq al-Warraqin. Kutoka huko ufundi ulikwenda Shamu, Misri, Maghrib na Andalusia, na katika karne ya 12 mji wa Xàtiva wa Andalusia ulikuwa ukisifika kwa karatasi yake. Ulaya ya Kikristo iliupokea kwa mikono ya Waislamu.

Lakini jambo tunalotaka msomaji alizingatie zaidi ni hili: karatasi hiyo haikutengenezwa kwa magogo. Karatasi ya mbao ni jambo la juzi, la karne ya 19. Kwa karne nyingi, mafundi wa Baghdad, Dameski na Kairo walitumia vitambaa vikuukuu vya kitani na kamba za katani zilizochakaa. Nguo iliyokwisha kuvaliwa ililowekwa, ikatwangwa, ikawa rojo, kisha ikawa ukurasa ambao juu yake ziliandikwa tafsiri, fiqhi, tiba na hesabu. Kwa hiyo elimu tunayojivunia iliandikwa juu ya vitu ambavyo mtu mwingine alikuwa amevichoka.

Wajalidi nao hawakutupa kitu. Badala ya mbao nzito, walitengeneza majalada kwa kugundisha karatasi kuukuu tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa ngumu, kisha wakazivika ngozi. Watafiti wa zama zetu wamefungua majalada ya kale yaliyochakaa, wakakuta ndani yake barua na hati za mahesabu za watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Katika karne ya 11, mtawala wa Kizirid wa Tunisia, al-Mu'izz ibn Badis, alinasibishiwa kitabu kinachoeleza kalamu, wino, karatasi na ujalidi, jambo linaloonesha kwamba kazi hizi za mikono hazikuhesabiwa kuwa za watu duni.

Na kwetu pwani, waandishi wa misahafu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili kwa mkono juu ya karatasi iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Karatasi iliyovuka bahari haikuchezewa. Leo inapatikana kwa urahisi, na urahisi huo ndio uliotusahaulisha thamani yake.

KWANZA ADABU, KISHA UFUNDI

Mtu yeyote aliyenunua karanga stendi anajua kwamba huweza kufunuliwa karatasi ndani yake ukakutwa mstari wa Qur'ani, au ukurasa wa daftari la madrasa wenye jina la Mwenyezi Mungu. Muuzaji mara nyingi hana habari. Huenda si Muislamu, na hata akiwa Muislamu, amenunua karatasi kwa kilo. Karatasi ile ilitoka katika nyumba ambayo watu wake wanajua kusoma kilichoandikwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo tunaipa kila familia shauri ambalo kamati ya msikiti wetu imelikubali kwa ajili ya madrasa: kuwe na vikapu viwili. Kikapu cha kwanza ni cha heshima. Humo huwekwa kurasa za juzuu zilizopasuka, madaftari ya dini, kalenda za Kiislamu, kadi za mialiko zenye Bismillahi, na kurasa za magazeti kama hili zenye aya, hadithi au majina matukufu. Kikapu hiki huwekwa juu, mbali na mikono ya watoto wadogo. Kikapu cha pili ni cha kazi, na humo huingia kila karatasi nyingine.

Yaliyomo katika kikapu cha heshima yafanyweje? Wanavyuoni wametaja njia zaidi ya moja. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Uthman (R.A), baada ya kunakiliwa misahafu, aliamuru kurasa nyingine zichomwe, na hapo wengi wamepata dalili ya kuchoma kwa nia ya kuhifadhi heshima. Wengine, hasa katika madhehebu ya Hanafi, wamependelea kufukia mahali safi pasipokanyagwa. Baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wameruhusu karatasi hizo kurejeshwa kuwa rojo kwa sharti kwamba herufi zitoweke kabisa.

Sharti hilo ndilo lililotufanya sisi tusiziingize katika kazi ya mikono. Kinu cha nyumbani si mtambo wa kiwandani. Mara nyingi rojo lake hubakiza vipande vyenye herufi zinazosomeka. Hivyo kurasa hizo tunazichoma mahali safi na majivu yake tunayafukia. Zoezi hilo hufanywa na watu wazima, na watoto huoneshwa ili wajue kwamba moto ule si wa kuteketeza taka. Mwenye shaka juu ya karatasi fulani na amuulize sheikh wake kabla ya kuipasua.

JIRANI ZETU WA IRINGA

Wapo watakaosema kwamba kutengeneza karatasi kwa mikono ni jambo la vitabuni. Si kweli. Iringa mjini, katika mkoa wetu huu huu, kituo cha Neema Crafts kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, kikianza na vijana viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Kilikua kikawa karakana ya watu wengi wenye ulemavu, wakifanya ususi, shanga, ushonaji na mengineyo. Vijana ambao baadhi ya watu waliwaona kuwa mzigo walionekana kuwa mafundi. Hilo ni somo kwa jamii yoyote, nasi tuna watoto na vijana wenye ulemavu ambao mikono yao ina kazi ya kufanya.

Karatasi iliyokitangaza kituo hicho ilikuwa ile ya kinyesi cha tembo. Tembo hula majani na magome mengi lakini husaga kidogo tu, hivyo kinyesi chake hubaki kimejaa nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo karatasi. Ni ubunifu wa kusifiwa. Hata hivyo, msomaji wetu atauliza swali la fiqhi, na ni haki yake: katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha wanyama wote ni najisi. Kwa hiyo Muislamu anayetaka karatasi ya kuandikia aya au dua na achague malighafi nyingine. Nasi huku hatuna haja ya kumtafuta tembo, kwani tuna maganda ya mahindi, tuna madaftari, na tuna mifuko ya kaki.

NAMNA YA KUTENGENEZA KARATASI NYUMBANI

Kazi hii inahitaji ndoo mbili, beseni pana, kinu na mchi visivyotumika kwa chakula, vitambaa kadhaa vya pamba, mbao mbili bapa, na kiunzi. Kiunzi ni fremu ya mbao nyembamba, ukubwa wa daftari, iliyowambwa wavu laini wa dirishani kwa misumari midogo. Wavu uvutwe ukaze sana. Ukilegea, karatasi itakuwa nene katikati na nyembamba pembeni. Chandarua chenye dawa kisikatwe kwa kazi hii, kwani mahali pake ni kitandani.

Kwanza, chagueni karatasi. Ondoeni pini, gundi ngumu, plastiki, na makasha yenye nta au karatasi ya fedha ndani yake. Zilizobaki zichanwe kwa mkono vipande vidogo, upana wa sarafu. Kuchana ni bora kuliko kukata kwa mkasi, kwa sababu mkasi hukata nyuzinyuzi na kuchana huziacha ndefu.

Hapa ipo siri moja ya kuijua. Karatasi hushikamana kwa nyuzinyuzi zake, na kila inaporudiwa nyuzinyuzi hizo hufupika, ndiyo maana karatasi haiwezi kurudiwa milele. Hukadiriwa kuwa mara tano hadi saba. Karatasi ya daftari huwa na nyuzinyuzi fupi na laini. Karatasi ya kaki, iliyotokana na msindano, huwa na nyuzinyuzi ndefu na imara. Kwa hiyo mafungu matatu ya daftari yakichanganywa na fungu moja la kaki hutoa karatasi inayokunjika bila kukatika. Nguvu ya msindano wa Mufindi inaingia katika kazi ya mtoto.

Pili, lowekeni vipande hivyo katika maji ya vuguvugu usiku mzima. Asubuhi mwageni maji yaliyochafuka, kisha mtwange kidogo kidogo mpaka lipatikane rojo laini kama uji mzito. Chukueni kidogo mkiweke katika glasi ya maji na kukoroga: mkiona mabonge, rudini kinuni, mkiona kama mawingu, rojo limekuwa tayari.

Tatu, jazeni beseni maji hadi nusu na kutia mabakuli mawili ya rojo. Wanaotaka karatasi ya kuandikia kwa kalamu ya wino waongeze kijiko kikubwa cha uji mwepesi wa muhogo au wa ngano uliopoa, ili wino usitawanyike. Korogeni kwa mkono. Kiunzi kizamishwe kimesimama wima, kilazwe ndani ya maji, kisha kiinuliwe kikiwa sawasawa kama sinia la chai. Maji yanapochuruzika, mtikisike mdogo wa kushoto na kulia na wa mbele na nyuma huzisuka nyuzinyuzi pamoja. Maji yakishatoka, mikono itulie.

Nne, pindueni kiunzi juu ya kitambaa kibichi kilichotandazwa juu ya ubao, mkamue mgongo wa wavu kwa kitambaa kikavu, na kukiinua kuanzia upande mmoja. Karatasi itabaki juu ya kitambaa. Funikeni kwa kitambaa kingine na kuendelea hivyo mpaka zifike kumi. Kisha wekeni ubao wa pili juu yake, pandisheni mawe mazito, mwache kwa saa moja au mbili.

Tano ni kukausha, na hapa wenzetu wa mikoa ya joto wana nafuu kuliko sisi. Igowole ina ukungu na manyunyu hata katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati sehemu nyingine za nchi zimekauka. Karatasi ikiachwa nje hufyonza unyevu na kuota ukungu wa madoa meusi. Tunashauri ianikwe ndani, juu ya ubao au kioo cha dirisha kilicho safi, katika chumba kilicho jirani na jiko lakini mbali na moshi na moto. Ikikauka haraka mno itajikunja, ikichelewa itanuka. Siku mbili au tatu zinatosha kwa kawaida.

Wanaopenda karatasi ya rangi ya dhahabu na nyuzi zinazoonekana watumie maganda ya mahindi. Yakatwe vipande vifupi, yachemshwe kwa saa mbili au tatu katika maji ya majivu yaliyochujwa, yaoshwe mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, kisha yatwangwe na kuchanganywa na rojo la karatasi. Maji ya majivu huchoma ngozi na macho. Kazi ya kuchemsha ni ya mtu mzima peke yake.

KUTOKA KARATASI HADI KIFAA

Karatasi ikishapatikana, familia iitumie. Vifaa rahisi ni bahasha za sadaka na za zaka, kadi za Idi ambazo mtoto ameandika kwa mkono wake, majalada ya madaftari, na alama za kuwekea kurasa katika juzuu. Binti au kijana akimpelekea babu yake kadi ya Idi aliyoitengeneza tangu rojo mpaka maandishi, ameshajifunza subira kuliko kama angeinunua.

Wanaotaka visahani na masanduku watumie rojo lenyewe. Likamuliwe maji, lichanganywe na gundi ya unga, yaani kipimo kimoja cha unga wa ngano kwa vipimo vitano vya maji, vikipikwa huku vikikorogwa mpaka viwe vizito. Chumvi kidogo huongezwa ili gundi isichache upesi. Bakuli la kufanyia kalibu lipakwe mafuta, rojo libandikwe juu yake kwa unene wa kidole, na likikauka livuliwe. Chombo hicho ni cha kuwekea kalamu, ufunguo, sindano au matunda makavu. Hakifai kwa mchuzi wala maji. Kisipokauka vizuri, mende na panya watakipenda zaidi kuliko wenye nyumba.

Zipo pia shanga. Nchini Uganda, wanawake wengi wa Kampala, wakiwemo Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini na kukaa katika vilima vya mawe karibu na mji, wamejipatia riziki kwa kuviringisha karatasi kuwa shanga. Kuanzia mwaka 2004 taasisi ya BeadforLife ilisaidia kuzifikisha shanga hizo katika masoko ya nje. Njia yake ni nyepesi: karatasi yenye rangi hukatwa pembetatu ndefu, kitako sentimita 2 na urefu sentimita 25 hadi 30. Huviringishwa kwenye njiti nyembamba kuanzia upande mpana, ncha yake hupakwa gundi, na zikikauka hupakwa vanishi mara mbili. Shanga 33 au 99 zikitungwa vizuri ni tasbihi. Ni wazi kwamba karatasi ya tasbihi hukaguliwa mara mbili kabla ya kukatwa.

Katika jambo la sanamu, tujihadhari. Rojo la karatasi humvuta mtoto kufinyanga watu na wanyama. Wanavyuoni wengi wamekataza kufinyanga viumbe wenye roho, na wengi wao wamevua vitu vya kuchezea watoto wadogo, kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A) na wanasesere wake. Ubunifu una uwanja mpana: majani ya chai, miti, milima, nyota, mapambo ya hesabu za maumbo ambayo mafundi wa Kiislamu wamesifika kwayo duniani, na herufi za kila namna.

MIFUKO, SOKO NA UAMINIFU

Tarehe 1 Juni 2019 ilianza katika nchi yetu marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya ilikuwa imekwisha kufanya hivyo Agosti 2017. Tangu hapo mfuko wa karatasi una mahitaji, na ni kazi ambayo familia inaweza kuifanya baada ya Alasiri. Karatasi ya kaki hukunjwa pande mbili, hugundishwa mshono mmoja wa ubavuni, kisha kitako hukunjwa kama bahasha na kupigwa gundi mara mbili, kwa kuwa kitako ndicho kinachobeba mzigo.

Mfuko wa saruji wa karatasi ni malighafi nzuri, lakini una masharti. Ukung'utwe nje, na mtu mzima aliyefunika pua na mdomo, kwani vumbi la saruji hudhuru macho, kifua na ngozi. Tabaka lililogusa saruji litupwe na la nje lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Mfuko uliotokana nao ubebe misumari, sabuni au nguo, usibebe unga wala mkate. Vivyo hivyo karatasi iliyopigwa chapa isifungie chakula cha moto chenye mafuta, kwa kuwa mafuta hufyonza wino. Muuzaji anayejua haya akanyamaza, amemhadaa mnunuzi, na faida ya hadaa haina baraka.

Tunasisitiza hesabu. Familia iandike gharama ya gundi, vanishi, uzi na kuni, na ihesabu saa zilizotumika. Kazi ambayo haikurudisha gharama yake ifanywe kwa ajili ya nyumbani tu, wala isiitwe biashara. Na mtoto aliyefanya kazi apate fungu lake mkononi, hata liwe dogo, ili aijue ladha ya chumo la halali, naye afundishwe kutoa sadaka katika hilo hilo dogo.

JE, MADRASA NI MAHALI PA KARATASI?

Wazee wetu wameuliza swali lenye uzito: mtoto amekuja kusoma Qur'ani, kwa nini ashikishwe ndoo ya rojo? Tumewasikiliza na tumekubaliana nao katika msingi wake. Muda wa Qur'ani haupunguzwi hata dakika. Kazi ya karatasi imewekwa Alhamisi alasiri, wakati ambao kwa desturi madrasa hufungwa na watoto huzurura.

Lakini tumewaeleza pia kwamba adabu haifundishwi kwa maneno peke yake. Mtoto anayechambua karatasi moja moja, akijiuliza kama ina jina tukufu au haina, anajifunza kusoma kwa makini na kuheshimu alichokisoma. Tunafahamu kutokana na Sira kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake. Kurekebisha kilichochakaa hakukumpunguzia mtu heshima. Na makatazo ya israfu tunayoyasoma katika Surat al-A'raf na Surat al-Israa hayakukihusu chakula peke yake. Yanagusa kila neema, na karatasi ni neema.

Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyaanza wiki hii bila kungoja fedha wala kamati: kutenga vikapu viwili, kumkabidhi mtoto mmoja uangalizi wa kila kikapu, na kumweleza muuza karanga wa mtaani, kwa lugha nzuri na bila kumlaumu, karatasi zipi asizitumie, huku akipewa fungu la karatasi safi badala yake. Jambo hili la mwisho halina gharama, na linaweza kuhifadhi heshima ya maneno matukufu kuliko hotuba ndefu.

Na gazeti hili, ndugu msomaji, ukimaliza kulisoma, kata kurasa zenye aya na hadithi uziweke katika kikapu cha heshima. Zinazobaki zipelekwe katika kikapu cha kazi. Alhamisi si mbali.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya watoto wetu, aiepushe na israfu, na azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za elimu na kazi. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.